Matusi Kumi na Saba ya Kuvusha

Nilipanda boti nikiwa na chupa ya chai ya tangawizi, kanga doti moja na matusi kumi na saba. Chai ilikuwa ya kumpasha Bi Sikudhani kifua. Kanga ilikuwa ya kumfunika, maana alilalamika kwamba mashuka ya kule alikolazwa yana ubaridi wa vyuma. Matusi ndiyo yaliyokuwa dawa yenyewe. Niliyatunga kwa siku mbili, nikiyapanga na kuyapangua, nikiyaonja mdomoni kama mpishi anayeonja chumvi ya mchuzi.

Bi Sikudhani sikuwahi kumwona. Alinipigia simu Ijumaa, nikiwa kazini, nimezungukwa na mashuka yaliyolowa, na sauti yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba nililazimika kuzima mashine mbili ili niisikie.

"Wewe ndiye Stumai wa watu wa Mtoni?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Shikamoo peleka kwenu! Nani kakuomba shikamoo? Mimi ni mtu wa Mchangani, na ninakufa. Nataka mtani."

Nilihamishia simu sikio la pili.

"Umekuwa bubu? Au siku hizi watu wa Mtoni ndimi zenu mnaziacha forodhani?"

"Ulimi ninao," nikasema.

"Basi ulete. Humu ndani wananiita mpendwa. Mpendwa umeamkaje, mpendwa samahani tunakuchoma sindano, mpendwa samahani tunakugeuza. Miezi minne sijatukanwa hata mara moja. Nimeanza kuwa na shaka kama bado nipo. Njoo unitukane, mwanangu, mpaka nicheke, halafu nitakwenda zangu."

"Lini?"

"Jumapili. Jumatatu sikuahidi."

Akanieleza mahali. Ng'ambo ya ziwa, nyumba ya manjano, dirisha la tatu, pazia la kijani. Kisha simu ikakatika, au yeye alikatika, sikujua, na Kaka Likwata, aliyekuwa akikunja foronya meza ya pili, akajifanya hakusikia. Yeye ndiye aliyempa namba yangu. Bi Sikudhani ni shangazi yake, dada wa baba yake, na kila mwezi alikwenda kumkalia kitako kitandani na kumwambia maneno laini. Zaidi ya hapo hakuwa na uwezo. Damu haimtukani damu. Hayo yanakuwa matusi ya kweli. Alihitajika mtu wa Mtoni.

Niseme habari ya Mtoni na Mchangani, maana kila kitu kinasimama hapo. Hapo kale watu wangu na watu wake walipigania kisima cha chumvi. Walipigana masika saba. Walikatana mikono, wakachomeana maghala, wakaibiana watoto wakiwa wachanga na kuwalea wawachukie wazazi wao. Masika ya nane wakachoka. Wakakaa pande mbili za kisima wakitazamana, na kila upande ukawa unasubiri upande wa pili uombe radhi. Hakuna aliyeomba. Wangeomba vipi? Radhi ya mkono uliokatwa ina ukubwa gani? Jua likapanda, watoto wakalia njaa, mpaka mzee mmoja wa Mchangani akamtazama mzee wa Mtoni akamwambia, "Wewe, hata ungenishinda, nani angetaka kutawaliwa na mtu mwenye pua kama kiatu?" Watu wakashika mikuki. Mzee wa Mtoni akaifikiria pua yake. Akacheka. Kisha akarudisha la kwake, na wakatukanana mpaka magharibi, na tangu hapo hatujapigana. Mtu wa Mtoni akimkuta mtu wa Mchangani anaweza kumwambia lolote, kumvua kofia, kula wali wake, kulala ndani ya kaburi lake na kudai kuku ndipo atoke, na aliyetendewa hana ruhusa ya kukasirika. Katazo ni moja. Mtani haombi radhi. Siku atakayoomba, mkataba umekufa, na vita ya kisima inaendelea pale ilipoachwa.

Sasa mtazame mtu wa namna hiyo akiishi katika nchi hii.

Nchi hii sijui jina lake. Liliandikwa kwenye karatasi nilizosaini, lakini kila niliposoma lilikuwa jingine. Ninachojua ni kwamba humu watu wote huomba radhi. Ukimkanyaga mtu, anakuomba radhi yeye. Mlango ukikubana, walinzi wawili hukuomba radhi, na mlango unabaki vilevile. Radhi ndogo huombwa kwa mkono mmoja kwenye kofia. Radhi kubwa huombwa kwa mikono miwili kifuani, macho yamefumbwa, mtu akihesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Nimeishi humu mwaka mmoja, au mitatu. Nina stashahada ya uandishi, na ninafua mashuka. Walipoisoma stashahada yangu waliniomba radhi ya mikono miwili, kisha wakanionyesha mashine.

Jumapili mabasi hayatembei. Kuzunguka ziwa kwa miguu ni siku mbili. Kwa hiyo Ijumaa ileile, msimamizi wetu alipotangaza kwamba Jumapili atatuchukua mimi na Kaka Likwata kwenye boti yake, kwa kuwa tulikuwa tumefua vizuri kuliko wote, nilidhani mbingu zimenisikia. Sikuuliza swali. Kosa langu lote limo humo. Kwetu hakuna mtu aliyewahi kuuliza kama chombo kinakwenda mahali. Mtu hapandi chombo ila ana safari.

*

Msimamizi alivaa kofia nyeupe yenye nanga ya dhahabu, na tangu alipoivaa sikuweza tena kulikumbuka jina lake. Nitamwita Bwana Kofia. Mkewe alikuwa na kikapu cha chakula mapajani, na wakati wote ule kikapu hakikupungua, hata tulipokula. Nitamwita Bi Kikapu. Walinivisha jaketi la uokozi la rangi ya machungwa, limeandikwa kifuani MGENI, na ndani ya kitambaa chake nilisikia joto la watu wengine, wageni wa miaka iliyopita, kana kwamba walivuliwa jaketi wakiwa bado wamo.

Saa ya gatini ilionyesha saa nne kamili. Injini ikanguruma. Ziwa lilikuwa limetulia kama sakafu iliyopigwa deki, na ng'ambo niliiona nyumba ya manjano, ndogo kama kiberiti. Nikahesabu madirisha. La tatu lilikuwa wazi, pazia la kijani limesogezwa pembeni, na nilihisi kwamba kuna mtu ndani anayetazama maji akitusubiri. Nikaikumbatia chupa yangu ya chai. Nikaanza kulirudia tusi la kwanza kimyakimya.

Tulikwenda mpaka katikati, kwenye boya jekundu. Nyumba ikawa na ukubwa wa sanduku. Kisha boti ikapinda.

"Kaka Likwata," nikasema kwa lugha yetu, "mbona tunapinda?"

"Tunarudi."

"Tunarudi wapi? Hatujafika."

"Dada, haya ni matembezi. Boti inazunguka."

"Inazunguka kwenda wapi?"

"Inazunguka, basi." Akaitazama chupa ya chai, akaitazama kanga iliyokunjwa, na uso wake ukajikunja polepole. "Ulidhani tunavuka?"

"Wewe ulidhaniaje? Ulidhani nimebeba kanga nije kuwavisha samaki?"

"Nilidhani umependa tu kutembea. Huku watu wanapenda kutembea."

"Shangazi yako yuko pale!"

"Najua alipo," akasema, akatazama viatu vyake.

Nilimgeukia Bwana Kofia. Nilimweleza kwa lugha yake, taratibu, neno kwa neno, kama mtu anayepitisha mayai dirishani. Nikamwambia ng'ambo ile kuna mama anakufa na ananisubiri leo, na tumebakiza nusu ya maji. Alinisikiliza vizuri sana. Humu wanasikiliza vizuri mno. Macho yake yalijaa huruma mpaka pomoni, akaishika kofia kwa mkono mmoja akainyanyua.

"Samahani sana," akasema. "Inasikitisha kweli. Lakini boti yetu huzunguka. Mara tatu, kisha tunapumzika."

"Na mkivuka, kitatokea nini?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Sijui. Hatujawahi."

"Pole, mpendwa," akasema Bi Kikapu, akanipa mkate uliotiwa tango. "Kula kwanza."

Nami nikala. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. Mama wa watu anakufa kwa kukosa mtu wa kumtukana, na mimi niliyesafiri na dawa yake mdomoni nikaufungua mdomo ule ule nikapokea tango.

*

Tulipofika gatini saa ilionyesha saa nne kamili, lakini miti ya ufukweni, tuliyoiacha mibichi, ilikuwa imepiga manjano. Boti haikusimama. Nilitaka kuruka, lakini kuruka kungenirudisha nilikotoka, na nilikotoka hakukuwa na njia. Tukaanza mzunguko wa pili. Nywele za Bi Kikapu zilikuwa zimeingia mvi pembeni. Yeye hakushtuka. Alitia mkono kikapuni akatoa mkate mwingine.

"Na wewe unaitwa nani, mpendwa?" akaniuliza.

"Stumai. Nilikwambia asubuhi."

"Samahani. Stu... Samahani." Akasoma kifuani pangu. "Mgeni. Jina zuri."

Nilitaka kukataa, na nikagundua kwamba nimeshaitika.

Nikakaa nyuma ya boti nikifikiri, kwa hasira, maana hasira ndiyo taa niliyokuwa nayo. Nilijiuliza swali la Bi Sikudhani: mtu ambaye hakuna awezaye kumtukana, yupo? Mwanzo nilikuwa nimelichukulia kama mzaha wa mgonjwa. Pale majini niliona kwamba hakuna swali zito zaidi yake. Neno mpendwa unaweza kulisema ukiwa umempa mtu mgongo. Unaweza kulisema kwa kuta, kwa foleni nzima, kwa kitanda ambacho mwenyewe ameshaondolewa, nalo likatosha kila mahali kama shuka la hospitali. Lakini huwezi kumwambia mtu ana masikio kama milango ya ghala bila kuyatazama masikio yake. Tusi lina kipimo cha mtu mmoja. Anayekutukana kwa utani amekutazama, amejua babu yako alikimbilia wapi siku ya vita na bibi yako alipika nini wageni wakaumwa matumbo, na amekubali wewe umrudishie. Adabu ya nchi hii hainirudishii kitu. Nikiisukuma, inanipisha. Nikiipigia kelele, inanyanyua kofia. Nimekaa humu mwaka, au mitatu, na sijagusana na kitu chochote kigumu isipokuwa pasi.

Na nikaona jambo jingine, nalo lilinitia kinyongo zaidi. Bwana Kofia kila alipoomba radhi, mkono mmoja ulikuwa kwenye kofia na mwingine kwenye usukani. Hakuuachia hata mara moja. Radhi yake ilikuwa ya kweli, na usukani ulikuwa wa kweli, na vitu hivyo viwili vilikaa pamoja mwilini mwake bila kugombana. Anakuonea huruma huku anakuzungusha. Mtawala wa namna hiyo utampindua vipi? Ukimlaumu anakubali. Ukilia analia nawe. Halafu boya jekundu linakuja tena, na boti inapinda.

Ilipinda. Dirisha la tatu, pazia lilikuwa limefungwa nusu.

Kaka Likwata alikuwa amelala na kofia usoni. Nilimtazama. Huyu ni mtu wa Mchangani, mtani wangu halali, na katika miezi yote tuliyofua pamoja hatujawahi kutaniana. Nilipojaribu siku ya kwanza alinong'ona, "Dada, huku hatufanyi hayo," nami nikaheshimu. Sasa niliogopa. Nikamvua kofia, kama ninavyoruhusiwa, nikaikalia.

"We Likwata," nikamwambia. "Babu zako walikimbia vita wakaacha wake zao, halafu wakarudi mbio kuchukua kinu. Na wewe umerithi. Shangazi yako anakufa pale, umelala huku unalinda tango."

Nilisubiri. Ilikuwa zamu yake. Mtoto wa miaka sita wa Mchangani angenijibu kabla sijafunga mdomo.

Aliamka. Akanitazama kwa macho ya Bwana Kofia. Akapeleka mkono mmoja kichwani, mahali pa kofia niliyoikalia, akanyanyua hewa.

"Samahani, dada," akasema.

Mtani ameniomba radhi. Mahali fulani, katika nchi ambayo siwezi tena kuona njia yake, watu wawili wanaoteka maji kwenye kisima cha chumvi waliweka ndoo chini wakatazamana vibaya. Miaka kumi na tisa aliyokaa humu ilitosha. Hakupigwa, hakufungwa, hakukatazwa neno. Alinyanyuliwa kofia tu, siku hadi siku, mpaka akajifunza.

Na mimi nimebakiza mingapi?

*

Saa nne kamili. Miti ilikuwa mitupu. Mzunguko wa tatu ulianza, na nilijua ni wa mwisho, kwa kuwa walikuwa wamesema mara tatu, na watu hawa hawasemi uongo.

Nikajaribu kuyakumbuka matusi yangu. La tano lilikuwa limepotea. La tisa lilibaki mwanzo bila mwisho. Miguu yako, Sikudhani, miguu yako inafanana na... na nini? Nilikuwa nacho asubuhi. Asubuhi ipi? Nilijaribu kwa sauti na ikatoka mpendwa. Nikauma ulimi. Jaketi lilikuwa limenibana kifuani, na yale majoto ya wageni waliotangulia yalikuwa yametulia, kama watu waliosogea kwenye benchi kunipisha nafasi.

Hapana.

Nikasimama. Nikaenda mbele, mpaka karibu na usukani, nikamwambia Bwana Kofia, "Umeniumiza."

"Samahani," akasema, mkono mmoja kwenye kofia.

"Haitoshi. Umeniumiza sana. Nilikuja kwenye nchi yako na ulimi mzima, na sasa nasahau sentensi katikati. Kuna mama pale ulimpita mara mbili ukimwona dirishani. Mara mbili! Na leo asubuhi nilikupa shikamoo kwa lugha yangu, ukanijibu kwamba hewa ni nzuri."

Uso wake ukawa mwekundu. Alikuwa mtu mwema. Lilikuwa jambo kubwa, na jambo kubwa lina radhi yake.

"Kweli," akanong'ona. "Kweli kabisa. Ngoja."

Akauachia usukani. Akaweka mikono miwili kifuani, akafumba macho, akaanza kuhesabu.

Alipofika mbili usukani ulikuwa wangu. Nilipita kushoto kwa boya jekundu, mahali ambapo boti hiyo haikuwahi kupita tangu iundwe, na maji ya upande ule yalikuwa na rangi nyingine. Bi Kikapu alipiga ukelele. Kikapu kilianguka, na kwa mara ya kwanza kikawa kitupu. Bwana Kofia alisikia boti ikinyooka, lakini hakuwa na uwezo wa kufumbua macho kabla ya kumi. Nilimwona akihangaika na nne, na tano, kama mtu aliyefungwa kamba na mama yake mzazi.

Sikuwahi kuendesha boti. Ilikwenda upande upande, ikarusha maji ndani, ikakaribia mawe. Na hapo nyuma yangu nikasikia sauti ambayo sikuijua, nzito, yenye kutu, ya mtu aliyetoka kwenye usingizi wa miaka.

"Kulia, we zuzu! Kulia! Ndiyo maana watu wa Mtoni mlishindwa vita, mnashindwa hata kujua mkono mnaolia ugali!"

Niligeuka. Kaka Likwata alikuwa amesimama, mishipa ya shingo imemtoka.

"Mlishindwa ninyi!" nikapiga kelele. "Sisi tulichoka kuwakimbiza!"

"Mlitukimbiza? Na matumbo yale? Shika kulia, kichwa kama boga la msimu uliopita! Utatuua, na mimi sitaki kufa karibu na mtu wa Mtoni, mnanuka chumvi!"

Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, nami vilevile, na tulikuwa tunapiga kelele kama wauza samaki, na kila tusi lake lilinirudishia moja langu, la tano, la tisa, yote, na mengine ambayo sikuyatunga. Dirisha la tatu lilikuwa mbele yetu. Pazia lilikuwa limefungwa lote.

Boti ilipanda mawe, ikakwaruza ubavu wake mrefu mweupe, ikasimama. Bwana Kofia akafumbua macho.

"Kumi," akasema.

*

Tulipanda ngazi mbio. Muuguzi alikuwa mlangoni mwa chumba cha tatu, mwanamke kijana mwenye saa iliyobandikwa kifuani. Alitutazama tulivyolowa, akaelewa, na mkono wake ukaenda kichwani.

"Samahani," akasema. "Ametutoka sasa hivi. Hata robo saa haijapita."

Nikahesabu. Sikutaka kuhesabu lakini nilihesabu. Robo saa ile niliipoteza kwenye mzunguko wa pili, nilipokuwa nimekaa nyuma ya boti nikifikiri vizuri.

Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Walikuwa wamempanga mikono na kumvuta shuka hadi kidevuni, na uso wake ulikuwa na subira, kama mtu aliyeambiwa angoje na anayeanza kuchoka. Nilimgusa mguu. Ulikuwa na joto bado. Kaka Likwata alijiegemeza ukutani akaanza kulia kwa sauti ndogo ya nchi ile, sauti inayojificha kwenye leso.

Nilimfunika kwa kanga. Nikasimama miguuni pake, nikapanua miguu, nikashika kiuno.

"We Sikudhani!" nikapiga kelele, mpaka vioo vikaitika. "Mvivu wa ukoo mzima! Umelala saa hizi? Watu tumekuja, hakuna maji motoni, hakuna mkeka, umejinyoosha kama mamba aliyeshiba! Nyinyi watu wa Mchangani hamna haya, kila kitu chenu cha kukimbia. Vita mlikimbia, na leo mgeni anabisha hodi umekimbia na wewe, robo saa tu, ushindwe kuvumilia robo saa! Na hiyo miguu! Nimeambiwa imepinda kama kiko, sikuambiwa imegombana. Huku kufa kwenye shuka la watu umekufuata nini? Kwenu mikeka imeisha? Na huyu mtoto wa kaka yako, mtazame, analia kama birika. Mlimlisha nini?"

"Tulimlisha chumvi yenu mliyotuachia mkikimbia!" akafoka Kaka Likwata kutoka ukutani, kwa niaba ya shangazi yake, kwa kuwa yeye hakuweza tena, na leso ikamwanguka.

Muuguzi alikuwa ameziba mdomo. Nikavua viatu. Nikapanda kitandani, nikajilaza ubavuni mwa Bi Sikudhani, bega kwa bega, kama mtani anavyojilaza kaburini, nikakunja mikono.

"Hatoki mtu hapa," nikasema. "Mpaka nipewe kuku."

"Shuka," akasema muuguzi, akiondoa kiganja mdomoni. "Tafadhali shuka. Huyu ni marehemu. Miezi yote hii nimekuwa nikimwosha kwa mikono yangu, nilimpenda. Shuka umwombe radhi."

Mlangoni alitokea Bwana Kofia, suruali imelowa mpaka magotini, kofia mkononi. Nyuma yake Bi Kikapu alikuwa analia. Hakufoka. Alisema kwa upole uleule kwamba boti ina mkwaruzo urefu wa mtu, kwamba mkewe ameogopa, kwamba anaelewa nina majonzi. "Sihitaji kingine. Neno moja tu," akasema. "Liseme, na kesho njoo kazini kama kawaida. Mashine yako itakuwa palepale."

Wote walinitazama. Hata Kaka Likwata alinitazama, na nilijua anachoogopa. Hakuwa anaogopa kwamba nitafukuzwa.

Nilimgeukia Bi Sikudhani. Sikio lake lilikuwa karibu na mdomo wangu, sikio la kawaida, dogo, lenye tundu lililovutwa na hereni za miaka mingi. La kulitukana sikulipata. Aliomba jambo moja. Aliniambia na siku yenyewe. Nilikuwa na chombo, nilikuwa na ulimi, na nilimfikia akiwa wa moto na hayupo. Neno likanipanda kooni lenyewe, kwa lugha yangu, zito na la kweli kuliko yote niliyosikia katika nchi ile. Nililibana kwa meno. Lilikuwa la kweli, na ndiyo sababu sikuweza kumpa. Ningempa, ningemwacha aende kama adui.

"Nimechelewa, Sikudhani," nikamwambia sikioni. "Nimechelewa kwa sababu watu wa Mchangani hamna mtu wa kuwahiwa. Siombi radhi."

Kisha nikainua kichwa, nikawatazama wale wengine mmoja mmoja, nikalisema tena kwa lugha yao ili asiwepo wa kusingizia kwamba hakuelewa.

"Siombi."